Baiskeli ya milimani ya zamani: jinsi ya kuivisha magurudumu makubwa na usukani mwingine bila kupoteza hela

Kisa huwa ni kilekile. Mtu ana baiskeli ya milimani ya miaka mingi, fremu nzima isiyo na ufa, matairi ya inchi 26. Anapata magurudumu ya 700 kwa bei nzuri, anayaingiza, yanazunguka bila kugusa popote. Anafurahi. Kisha anabana breki na kukuta mipira yake inaelekea kwenye spoku badala ya ringi.

Nami nimewahi kukaa sakafuni nikiyatazama magurudumu mapya nisiyoweza kuyafungia breki. Tangu hapo kila anayeniuliza "nianze na magurudumu yapi?" namjibu aanze na breki. Ukubwa wa magurudumu huamuliwa na breki zako, na umbo la usukani huamuliwa na mikono ya breki na shifta za giya. Ukifuata mpangilio huo, kazi yote ni ya siku mbili. Ukiugeuza, utanunua vitu mara mbili.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kupimia: rula ya chuma, venia ukiipata, kadibodi ngumu, mkasi, kalamu na uzi mrefu.

Vya kufungulia: spana za L za milimita 4, 5 na 6, spana ya T25 kama baiskeli ina diski, vyuma viwili vya kutolea tairi, kifungulio cha kaseti (fungu la sproketi za gurudumu la nyuma) pamoja na ule mpini wenye kipande cha cheni unaoizuia isizunguke, koleo kali la kukatia nyaya na pampu. Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si lazima, lakini kwenye usukani na stemu (kipande kinachoushika usukani kwenye uma) inakuondolea kubahatisha.

Vya kubadilisha kila mara: nyaya mpya za breki na za giya, maganda yake, utepe wa ringi, utepe wa usukani au grip, na grisi kidogo.

Magurudumu, matairi, usukani na stemu usivinunue bado. Viandike kwenye karatasi na uache nafasi mbele ya kila kimoja. Hatua nne za kwanza zitajaza nafasi za magurudumu na matairi, na hatua ya 6 na ya 7 zitajaza za usukani na stemu.

## Hatua ya 1: Soma namba za kweli za tairi

Maneno kama "26" na "28" ni majina tu. Kipimo cha kweli kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa namba mbili zenye kistari kati yake, kwa mfano 53-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, vyote kwa milimita.

Namba tatu ndizo zitakazokuhusu:

- 559: inchi 26 ya baiskeli za milimani
- 584: inaitwa 27.5 au 650B
- 622: inaitwa 700C, na ndiyo hiyohiyo inayouzwa kwa jina la 29 kwenye baiskeli za milimani za siku hizi

Jihadhari na majina yanayofanana. Baiskeli za kizamani za breki za vyuma huitwa "28", lakini nyingi zina ringi ya 635, na tairi la 622 halikai humo. Kuna pia "26 x 1 3/8" ambayo ringi yake ni 590. Usinunue kwa kusikia jina. Igeuze ringi usome namba.

Sasa piga hesabu ya kimo cha gurudumu zima: chukua kipenyo cha ringi, ongeza upana wa tairi mara mbili. Tairi la 53-559 linakupa 559 + 106, yaani 665. Tairi la 35-622 linakupa 622 + 70, yaani 692. Tofauti ni milimita 27, na nusu yake, 13.5, ndiyo itakayoinua baiskeli kutoka ardhini.

Fanya hesabu hiyo kwa tairi jembamba la 28-622: unapata 678. Kwa tairi nene la 60-559: 679. Maana yake ni kwamba gurudumu "kubwa" lenye tairi jembamba lina kimo sawa na gurudumu "dogo" lenye tairi nene. Kwa hiyo kama unachotaka ni wepesi kwenye lami tu, matairi laini yasiyo na meno ya ukubwa uleule wa 559 yatakupa sehemu kubwa ya faida hiyo bila kugusa breki wala fremu. Nawaambia watu hili na wengi hukasirika kidogo, kwa kuwa walishaamua. Kama bado hujaamua, lifikirie leo kabla hela haijatoka.

Umefaulu ukiwa na: namba ya ringi ya sasa, namba ya ringi unayoitaka, na kimo cha gurudumu zima kwa kila moja.

## Hatua ya 2: Tazama breki, kisha chagua ringi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende taratibu.

Kama baiskeli ina breki za diski mbele na nyuma, una bahati. Diski imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kibano chake kinapimwa kutoka kwenye ekseli. Ringi iwe 559, 584 au 622, kibano hakioni tofauti. Nenda hatua ya 3.

Kama ina breki zinazobana ringi, yaani breki za V au zile za mikono miwili yenye waya wa katikati, tazama uma na vyuma vya nyuma. Utaona vigingi viwili vifupi vilivyochomelewa, ambavyo breki hugeukia. Vigingi hivyo viliwekwa kwa ajili ya ringi ya 559, na havihami.

Ukienda 622, ukingo wa ringi unapanda kwa nusu ya tofauti: 622 kutoa 559 ni 63, nusu yake ni 31.5. Hakuna breki ya V ya kawaida yenye mwanya wa kupandisha mpira kwa zaidi ya sentimita tatu.

Ukienda 584, ringi inapanda kwa 12.5 tu. Hapo inawezekana kwa baadhi ya breki: zile zenye mwanya mrefu wa kupandishia mpira. Kupima ni rahisi. Legeza mpira mmoja, upandishe hadi mwisho wa mwanya, pima umepanda milimita ngapi kutoka pale ulipokuwa. Ukipata 13 au zaidi, 584 iko mezani. Ukipata 8, tafuta kwanza breki yenye mwanya mrefu zaidi, upime, ndipo uwaze magurudumu.

Kumbuka kwamba mpira ukikaa mbali zaidi na kigingi, nguvu ya kubana inapungua kidogo na mkono wa breki unanepa zaidi. Kwa 12.5 watu wengi wanalivumilia hilo. Usiongeze zaidi ya hapo.

> Onyo. Usichonge mwanya kwa tupa ili upate milimita chache. Usikubali pia mpira unaokaa nusu juu ya ringi na nusu nje. Mpira ukigusa tairi, utalikata ubavu na tairi litapasuka ukiwa kwenye mwendo. Mpira ukishuka chini ya ringi, utazama kwenye spoku na gurudumu litasimama ghafla.

Njia ya tatu ipo: kununua uma mwingine wenye sehemu ya kufungia diski, halafu kushughulika na breki ya nyuma kivyake. Inafaa kama nyuma tayari ina diski na mbele haina. Ila pima urefu wa uma kutoka ekseli hadi pale unapoingia kwenye fremu, na utafute wa urefu unaokaribiana. Uma mrefu unainua pua ya baiskeli, na usukani unakuwa mzito na wa kulegalega ukipanda mlima.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Ringi yangu mpya ni 622 kwa sababu nina diski," au "Ni 584 kwa sababu mipira inapanda milimita 14."

## Hatua ya 3: Pima nafasi kwa kadibodi

Gurudumu refu zaidi linaingia ndani zaidi ya fremu, na kule ndani ndiko fremu inakobana. Ile mibonyeo uionayo kwenye vyuma vya chini vya nyuma iliwekwa mahali ambapo tairi la 559 hupita. Tairi lako jipya litapita mbele ya hapo, karibu na krenki, ambako vyuma vimekaribiana.

Kata ukanda wa kadibodi. Kwa tairi la 35-622, nusu ya 692 ni 346. Ongeza 6 za usalama: 352. Huo ndio urefu kutoka tundu la ekseli hadi ncha. Upana wa ncha uwe upana wa tairi pamoja na 6 kila upande, yaani 47.

Toa gurudumu la nyuma, shikilia tundu la kadibodi pale ekseli inapokaa, kisha uzungushe ukanda kama mshale wa saa. Pitisha kwenye sehemu mbili: kati ya vyuma vya chini nyuma ya krenki, na chini ya kile kidaraja kinachounganisha vyuma vya juu. Fanya vivyo hivyo mbele, chini ya kichwa cha uma.

Kadibodi ikikwama, usilazimishe wala usijidanganye kwamba "itapita tu". Punguza upana wa tairi, kata kadibodi nyingine, rudia. Milimita 6 zinaonekana nyingi hadi siku utakapopita kwenye tope au spoku moja ikikatika na gurudumu likaanza kuyumba.

Kwa uma wenye springi kuna kipimo cha ziada. Toa upepo wote, au ondoa springi, kisha bonyeza uma hadi mwisho wake. Kadibodi haitakiwi kugusa kichwa cha uma hata hapo. Ikigusa, siku utakapoingia shimoni breki yako ya mbele itakuwa ni tairi lenyewe, na wewe utaruka juu ya usukani. Hili halina mjadala: badilisha uma au acha gurudumu la mbele kama lilivyo.

Mwisho wa hatua hii, weka pedali mbele, iwe sambamba na ardhi, uvae viatu unavyoendeshea, na ukadirie umbali kati ya ncha ya kiatu na tairi. Gurudumu jipya litasogea karibu kwa nusu ya tofauti ya vimo. Kugusana kidogo wakati wa kukata kona kali za mwendo wa polepole si mwisho wa dunia, lakini ni vizuri kujua mapema.

Umefaulu ikiwa: kadibodi inapita pande zote bila kukwaruza, na umeandika upana mkubwa kabisa wa tairi ambao fremu inaruhusu.

## Hatua ya 4: Habu na kaseti

Pima kati ya kuta za ndani pale ekseli inapokaa. Mbele, baiskeli nyingi za zamani ni milimita 100. Nyuma, nyingi ni 135, na zile za zamani zaidi ni 130. Magurudumu ya mbio ya 622 yenye breki za ringi mara nyingi ni 130, ya milimani ni 135. Nunua yanayolingana na fremu yako.

Fremu ya chuma, yaani stili, inaweza kupanuliwa kwa mkono ili 135 iingie kwenye 130. Ya alumini usiipanue kamwe, inapasuka.

Kuna jambo linalowashtua watu kwenye baiskeli za giya 7. Za zamani zilikuwa na fungu la sproketi linaloskuruliwa moja kwa moja kwenye habu, na halihamishiki kwenda kwenye gurudumu la kisasa linalovaa kaseti. Nunua kaseti ya giya 7, na kama habu ni ya giya 8, 9 au 10, weka spesa ya milimita 4.5 nyuma yake. Bila spesa kaseti itachezacheza hata ukikaza mpaka uchoke.

Kwa diski: angalia kama zako zinafungwa kwa bolti sita au kwa meno na nati moja kubwa ya katikati. Habu mpya iwe ya aina hiyo, na diski ziwe na kipenyo kilekile ili vibano vibaki mahali pake.

## Hatua ya 5: Kuvisha magurudumu

Sasa nunua magurudumu na matairi. Ukirudi nyumbani fuata mpangilio huu.

1. Vaa utepe wa ringi, ufunike matundu yote ya spoku. Tundu moja likibaki wazi litatoboa tyubu kutoka ndani, na utalaumu miiba bure.
2. Hakikisha valvu ya tyubu inalingana na tundu la ringi. Valvu nyembamba kwenye tundu pana inacheza na kukatika shingoni. Valvu nene haiingii kwenye tundu jembamba, na usitoboe ringi nyembamba kuipisha.
3. Jaza upepo kidogo, kagua mstari mwembamba unaozunguka ubavu wa tairi karibu na ringi. Ukionekana kwa umbali sawa pande zote, tairi limekaa. Ndipo ujaze kufikia kiwango kilichoandikwa ubavuni, bila kukipita.
4. Funga kaseti kwa nguvu ya kweli, nyutoni mita 40. Lile "kraa kraa" la meno ya nati unaposhindilia ni kawaida.
5. Ingiza gurudumu baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, si imepinduliwa, ili ekseli ikae hadi mwisho wa mdomo wake.

Kwa diski, legeza bolti mbili za kibano, bana mkono wa breki na uushikilie, kaza bolti huku umebana. Kibano kitajiweka katikati chenyewe. Usishike uso wa diski kwa vidole vyenye grisi. Kisha tafuta mahali tambarare na ufunge breki kama mara 20 kutoka mwendo wa wastani bila kusimama kabisa. Pedi mpya hazishiki sawasawa hadi zifanyiwe hivyo.

Kwa breki za ringi, mpira mzima ukae juu ya ukuta wa ringi, ukingo wake wa juu uwe milimita 1 hivi chini ya tairi, na ncha ya mbele iguse kidogo kabla ya ya nyuma ili isipige kelele.

Umefaulu ikiwa: gurudumu linazunguka kimya, breki inashika kabla mkono haujafika nusu ya safari yake, na ukiisukuma baiskeli mbele huku umebana, tairi linateleza lakini gurudumu halizunguki.

## Hatua ya 6: Chagua usukani kwa kutazama mikono ya breki

Kuna familia mbili za usukani, na zinatofautiana kwa unene wa bomba pale mikono ya breki inapokaa.

Familia ya kwanza ni milimita 22.2: usukani ulionyooka, ule uliopinda kurudi nyuma kama wa baiskeli za mjini, na ule wa umbo la kipepeo unaopendwa na wasafiri wa mbali. Mikono yako ya breki, shifta na grip zote zinahamia humo bila shida.

Familia ya pili ni 23.8: usukani wa mbio wenye pembe zilizopinda kwenda chini. Hapo hakuna hata kimoja cha vifaa vyako kinachoingia. Unahitaji mikono mipya ya breki, pengine shifta mpya, na hesabu mpya ya nyaya. Kama breki zako ni za diski za mafuta, mikono ya milimani haiwezi kufungwa kabisa kwenye usukani huu.

Maoni yangu, na sitayaficha: kwa wasomaji tisa kati ya kumi wanaoniandikia, usukani uliopinda nyuma au wa kipepeo ndio jibu. Wanataka kukaa wima zaidi na kubadilisha mahali pa kushika ili viganja visife ganzi. Usukani wa kipepeo unatoa hayo kwa kazi ya saa moja. Usukani wa mbio ni mzuri kwa anayepambana na upepo masaa mengi, lakini unataka kila kitu kingine kibadilike.

Halafu pima katikati ya usukani, pale stemu inapobana. Za milimani za zamani ni 25.4, za kisasa ni 31.8, na za mbio za zamani ni 25.4, 25.8 au 26.0. Usukani wa 25.4 unaweza kukaa kwenye stemu ya 31.8 kwa kuvaa pete maalumu. Kinyume chake hakuna. Na usiamini kwamba 25.4 na 26.0 "ni sawa tu": zaidi ya nusu milimita ya nafasi inatosha usukani kugeuka ghafla ukilalia breki mteremkoni.

## Hatua ya 7: Urefu hadi mikononi

Funga uzi kwenye ncha ya kiti, uvute hadi pale viganja vyako vinapokaa sasa, uweke alama. Hicho ndicho kipimo ambacho mwili wako unakijua.

Fremu za milimani ni ndefu kwenye bomba la juu kuliko fremu za mbio, kwa sababu zilibuniwa kwa usukani ulionyooka. Usukani wa mbio unapeleka mikono mbele kwa milimita 70 hadi 80 za pembe, na bado kuna urefu wa mkono wa breki wenyewe. Ukiacha stemu ya 120 ya zamani, utaendesha ukiwa umelala kama unaogelea, na shingo itakuambia kufikia jioni.

Kwa hiyo tafuta stemu fupi ya 40 hadi 60 iliyoinuka, na uchague usukani wa mbio wenye pembe fupi. Kama hata hapo uzi unaonyesha umezidi kwa zaidi ya sentimita mbili au tatu, fremu hiyo si ya usukani wa mbio kwako. Rudi kwenye 22.2. Usisogeze kiti mbele kufidia, maana kiti hupangwa kwa ajili ya magoti, na magoti ndiyo yatakayolipa.

Usukani uliopinda nyuma una tatizo la kinyume: mikono inarudi hadi karibu na magoti. Huo unahitaji stemu ndefu, kwa hiyo ile ya zamani ya 120 mara nyingi inafaa kabisa.

> Onyo. Stemu ya zamani inayozama ndani ya uma ina mstari wa mwisho wa kuinulia. Ukiuona mstari, umeinua kupita kiasi. Kwa stemu inayobana uma kwa nje, kaza kwanza bolti ya juu hadi mchezo wa beringi uishe, ndipo ukaze za ubavuni. Kofia ya mbele ya stemu, ile inayobana usukani, kaza kwa zamu, kushoto na kulia, nyutoni mita 5 hivi au kama ilivyoandikwa, mianya ya juu na chini ikiwa sawa.

Umefaulu ikiwa: uzi unaangukia karibu na alama, na ukisimama mbele ya baiskeli, gurudumu ukilibana kwa magoti, usukani haugeuki hata ukiusukuma kwa uzito wako.

## Hatua ya 8: Mvuto wa waya

Kwa waliobaki na 22.2, ruka hadi hatua ya 9. Hii ni ya usukani wa mbio.

Breki za V zinataka waya uvutwe sana. Mikono ya breki za mbio inavuta kidogo. Ukiviunganisha, mkono unagonga usukani kabla mipira haijashika vizuri. Ukifanya kinyume, mikono ya V na breki za mvuto mfupi, mkono unakuwa mgumu kama jiwe na baiskeli haisimami.

Suluhisho ni matatu. La kwanza, na bora, ni mikono ya umbo la mbio iliyotengenezwa kwa mvuto mrefu. La pili ni breki za V fupi, ambazo vyuma vyake vinavyobeba mipira ni vya milimita 80 hadi 90, ila zinabana nafasi ya tairi na madigadi, na kwa aliyehamia ringi ya 584 mara nyingi hazifiki. La tatu ni kigurudumu kidogo cha kuzidisha mvuto kinachokaa kwenye breki; kinafanya kazi, lakini ni kitu kimoja zaidi cha kushika uchafu. Kwa diski za waya, vibano vipo vya aina mbili, vya milimani na vya mbio. Badilisha kibano kilingane na mkono.

Kwa giya, kama una Shimano ya giya 7, 8 au 9, shifta za mbio na deraila (kifaa kinachohamisha cheni) ya nyuma ya milimani zinaelewana, isipokuwa zile Dura-Ace za kabla ya giya 9. Kuanzia giya 10 Shimano ya milimani ilibadilisha mvuto wake, na hazielewani tena. Deraila ya mbele ndiyo msumbufu: ya milimani na ya mbio zinavuta tofauti. Njia ya amani ni shifta za ncha za usukani, ambazo ya mbele haina hatua za kubofya, unaisogeza mpaka cheni iache kukwaruza. Au ondoa deraila ya mbele, ubaki na sproketi moja.

## Hatua ya 9: Nyaya na maganda

Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na ukate ganda kwa urefu unaoruhusu pande zote bila kuvutika wala kufanya kitanzi kikubwa. Kata kwa koleo kali, kisha fungua mdomo wa ganda kwa msumari, kwa sababu koleo huuziba.

Waya wa breki wa milimani una kichwa cha umbo la pipa dogo, wa mbio una kichwa cha umbo la pea. Nunua kulingana na mkono wa breki.

> Onyo. Ganda la giya lina nyuzi zilizonyooka ndani, la breki lina chuma kilichojiviringa. Usitumie la giya kwenye breki. Linapasuka ukibana kwa nguvu, yaani hasa pale unapoihitaji breki.

Utepe wa usukani anza kuzungusha kutoka ncha kwenda katikati, ukiuvuta kiasi. Ukianza katikati, viganja vitaukunja kufikia wiki ya pili. Ziba ncha za bomba. Bomba wazi hukata nyama mtu akianguka.

## Hatua ya 10: Jaribio

Kabla ya kupanda, inua mbele na uiachie idondoke kutoka sentimita kumi. Sikiliza. Kitu chochote kinachogonga kitafutwe sasa.

Endesha mahali pasipo na magari. Jaribu breki ya mbele peke yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha ya nyuma, kisha zote. Pitia giya zote ukiwa umekaa. Utahisi kila giya ni nzito kidogo kuliko zamani: kutoka kimo cha 665 hadi 692 ni asilimia 4 hivi, na kwenye mlima utaitambua.

Stendi ya pembeni sasa ni fupi, baiskeli italala zaidi ikisimama. Kama una mita ya kilomita, iambie mzunguko mpya: weka alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, kaa juu ya baiskeli, ulisukume gurudumu mzunguko mmoja, upime kutoka alama hadi alama.

Baada ya kilomita 50 za kwanza rudi na spana. Nyaya mpya zitakuwa zimelegea, kwa hiyo zungusha zile nati za kurekebishia kwenye mikono ya breki na deraila. Gusa spoku mbilimbili kwa vidole ukitafuta iliyolegea, kaza tena kofia ya stemu na bolti za vibano, na ukague ubavu wa kila tairi kwa mkwaruzo. Ukiona mstari mweusi uliochorwa upya kwenye vyuma vya chini nyuma ya krenki, tairi linagusa fremu ukikanyaga kwa nguvu: shuka saizi moja ya upana.